Chembe ya dawa ya kifua kikuu iwe na ukubwa gani?

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza dozi huku Bunju, Dar es Salaam, humeza vidonge kila siku kwa miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Dozi ni ndefu kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa maficho ya bakteria. Hukaa ndani ya makrofaji, yaani seli za ulinzi za mapafuni, ilhali dawa iliyomezwa husambaa mwili mzima.

Profesa Hulda Swai, Mtanzania aliyefanya utafiti wake katika taasisi ya CSIR huko Pretoria kabla ya kuja Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitafuta njia ya kuifikisha dawa mafichoni. Yeye na wenzake walizifungasha dawa hizo ndani ya chembe za polima iitwayo PLGA, ambayo mwilini huvunjika polepole na kuachia dawa kidogo kidogo. Shabaha ilikuwa dozi ya mara moja kwa wiki. Chembe walizochunguza kwa panya na kutoa matokeo yake mwaka 2010 zilikuwa na kipenyo cha nanomita 200 hadi 350.

Mtu wa hesabu angeuliza: mbona kubwa hivyo? Mwaka 2005 Huajian Gao, Wendong Shi na Ben Freund walitoa modeli ya namna utando wa seli unavyoizingira chembe. Kuukunja utando kuwa tufe kunagharimu nishati ileile, tufe liwe dogo au kubwa. Gharama hiyo hulipwa na vipokezi vya utando vinavyoshikana na chembe. Chembe ndogo mno hupata vipokezi vichache, visivyotosha kulipa. Kubwa mno huhitaji vingi, na vya mbali huchelewa kufika. Katikati ndipo penye kasi kubwa: kipenyo cha nanomita 54 hadi 60. Mwaka uliofuata watafiti wa Toronto waliweka chembe za dhahabu kwenye seli za HeLa, na zilizoingia kwa wingi zaidi zilikuwa za nanomita 50.

Hata hivyo, modeli hiyo imejengwa juu ya sharti moja: seli imetulia, vipokezi vyenyewe ndivyo vinavyofanya kazi yote. Makrofaji haitulii. Hutumia nishati yake kusukuma utando kwa nyuzi za aktini na kumeza vitu vya maikromita kadhaa. Bakteria wa kifua kikuu mwenyewe, mwenye urefu wa maikromita 2 hadi 4, huingia kwa mlango huo. Kwa seli ya aina hii chembe ya nanomita 250 ni ndogo, na ina ujazo mara 125 wa ile ya nanomita 50, kwa hiyo nafasi ya dawa ni kubwa zaidi.

Mlango huo una gharama yake. Ini nalo limejaa makrofaji, na kwenye majaribio hayo ya panya ndiko chembe nyingi zilikokutwa. Kuongeza ukubwa, basi, hakutoshi kulenga mapafu. Inabaki kuchagua njia ya kuingizia dawa mwilini na kinachopakwa juu ya chembe.

Kwa hiyo anayeunda modeli aanze kwa kuitaja seli anayoilenga na jinsi inavyomeza. Kipenyo kitafuata.