Jinsi Mbwa Alivyoingia Ghalani

Kwa mwalimu mstaafu mmoja, jirani yangu hapa Ruiru, pana stoo ya mabati iliyoegemezwa ubavuni mwa nyumba, ambamo huwekwa gunia la chakula cha kuku wa mayai la kilo 70, magunia mawili ya mahindi, majembe na madebe matupu. Na usiku mmoja wa mvua za masika, ilhali kufuli limefungwa na ufunguo umo mfukoni mwa mwenyewe, mbwa wake aitwaye Simba aliingia humo akala, hata kulipokucha tukamkuta amelala ubavu nyuma ya banda la kuku, tumbo limekaza kama ngoma iliyowambwa, mate yanamtiririka, wala hana nguvu ya kuinua kichwa akiitwa jina.

Waliokusanyika pale walisema ni ulafi, na mmoja akaongeza kwamba mbwa ni mbwa. Maneno hayo si ya uongo, lakini hayaelezi kitu, kwa kuwa ulafi haufungui mlango; kinachofungua mlango ni maarifa na subira, na mimi, wenzangu walipokwenda kumwita daktari wa mifugo, nilibaki katika stoo ile takriban saa nzima, nikasoma alama moja baada ya nyingine, mpaka nikaridhika kwamba kazi ile haikuwa bahati ya usiku mmoja.

Tuanze na mlango. Ulikuwa ni fremu ya mbao iliyopigiliwa bati moja, bawaba mbili upande wa kushoto, na upande wa kulia, kimo cha kifua cha mtu, tumbuu na kufuli la shaba lililo imara kabisa. Kufuli halikuguswa. Mwizi binadamu akija huliangalia kufuli kwanza, maana hapo ndipo macho yake yanapofika. Mbwa hana haja nalo, yeye huangalia pale panapotoka harufu, na harufu ya stoo ya mabati hutokea chini. Usiku bati hupoa upesi, hewa iliyo ndani nayo ikapoa ikawa nzito, ikashuka na kuvuja polepole katika upenyo ulio kati ya mlango na sakafu, ikichukua harufu ya omena waliosagwa ndani ya chakula cha kuku. Pua ya mbwa ina chembe za kunusia zaidi ya milioni 200, ilhali ya mtu ina milioni tano au sita tu. Kwa hiyo upenyo ule, ambao kwetu ni nafasi ya kupitisha vidole viwili, kwake ulikuwa sawa na dirisha la duka lililowashwa taa.

Katika pembe ya chini ya mlango, upande wa kufuli, misumari miwili ilikuwa imeliwa na kutu na ubao wa fremu umeoza kwa mvua. Hapo ndipo nilipoona jambo lililonistaajabisha kuliko yote: michirizi ya kucha juu ya bati ilikuwa ya namna mbili, mingine imekwisha kushika kutu na kuwa myekundu, mingine inang'aa kama fedha mpya. Maana yake ni kwamba Simba alikuwa akiijaribu pembe ile tangu siku nyingi, pengine majuma kadhaa, akirudi kila usiku kuona kama imelegea, wala hapana hata mmoja katika nyumba ile aliyepata kuinama akaitazama. Ubao ulipokubali, aliingiza pua, kisha kichwa, kisha mabega, bati likakunjika ndani. Naye alipokwisha kupita, bati likarudi mahali pake kwa nguvu yake lenyewe, na askari wa usiku aliyepita na tochi akaona mlango umefungwa kama ilivyo desturi.

Ndani alikuta magunia yamewekwa sakafuni. Gunia la siku hizi, lililofumwa kwa nyuzi bapa za plastiki, ni gumu kulipasua katikati ya ubavu, lakini pembe yake ya chini hujitokeza kama sikio, na meno yakishaikamata na mbwa akavuta kwa kurudi nyuma, nyuzi hufumuka kwa mstari mmoja ulionyooka. Baada ya hapo hana kazi tena, maana uzito wa gunia wenyewe humsukumia chakula mbele ya mdomo. Magunia ya mahindi yaliyokuwa kando hayakuguswa hata kidogo: alichagua lililo na samaki.

Mwalimu ni mtu wa hesabu, naye huandika katika daftari kila gorogoro la chakula linalotoka. Tulipima kilichobaki, tukazoa na kupima kilichomwagika, tukatoa hesabu ya kuku, na upungufu usiokuwa na maelezo ukawa kilo mbili na nusu, kwa mbwa mwenye uzito wa kilo 30 hivi.

Je, kiasi hicho kiliingiaje? Mbwa hasagi chakula kinywani kama sisi. Magego yake hukata mithili ya mkasi, kisha hufakamia, na mfuko wa tumbo lake, aliorithi kwa mbwa-mwitu ambaye huenda leo akashiba na kesho kutwa asipate kitu, hutanuka kupita mfano wa tumbo letu. Ishara za shibe huchelewa kufika kwenye ubongo, na mlaji wa kasi namna hii humaliza kula kabla hazijamfikia. Fauka ya hayo, mbwa amekaa na wakulima kwa maelfu ya miaka hata mwili wake ukabadilika: wataalamu walieleza mwaka 2013 kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga, ilhali mbwa-mwitu aghalabu ana mbili tu, na ndiyo sababu unga na pumba vinamfaa mbwa na vinamtamanisha. Tena wako ambao tamaa yenyewe wamezaliwa nayo. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba takriban robo ya mbwa wa aina ya Labrador wana upungufu katika jeni iitwayo POMC, ambao huwafanya wapende chakula kupita wenzao. Kwa hivyo anayempiga mbwa wake kwa sababu ya ulafi anampiga kwa jambo ambalo mbwa hakulichagua, na mimi nasema bila kusita kwamba fimbo hiyo ni dhuluma.

Baada ya kula alikwenda kunywa maji katika ndoo ya kuku. Hapo ndipo hatari ilipokamilika, maana nafaka iliyosagwa ikipata maji na joto la tumbo hufura, kisha huanza kuchacha na kutoa hewa. Daktari alipofika alimgonga ubavuni kwa vidole, akasikiliza, akatazama fizi zake na kuuliza neno moja ambalo kila mwenye mbwa yafaa alijue: "Ametapika?" Alikuwa ametapika mara moja, uji wa kijivu wenye vichwa vya omena, na habari hiyo ikampa daktari matumaini, kwani kuna kuvimbiwa, ambako mfuko wa tumbo umejaa lakini umekaa mahali pake, na kuna kupinduka, ambako mfuko uliojaa hewa hujizungusha ukajifunga juu na chini, damu ikazuiwa, na mbwa, hasa yule mkubwa mwenye kifua kirefu, akawa anajikamua kutapika na hapatoki kitu. Wa kwanza aghalabu huponywa kwa maji ya mishipani, dawa ya maumivu, kutembezwa kidogo kidogo na saa 24 au 48 za kungoja. Wa pili asipopasuliwa mapema hufa katika muda wa saa chache, na picha ya eksirei ndiyo inayotenga kwa yakini huyu na yule. Mtu mmoja pale alikuwa amekwisha kukoroga chumvi ili amnyweshe Simba atapike. Daktari aliimwaga chini, akatueleza kwamba chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Nimeliandika hili kwa sababu tiba hiyo ya chumvi naisikia kila mahali, kutoka Githurai mpaka Thika, na watu waitoao wana nia njema. Vivyo hivyo donge bichi la mandazi lenye hamira lisiachwe mahali mbwa anapofika, kwa kuwa huendelea kuumuka ndani ya tumbo na kumlevya.

Simba alipona siku ya tatu. Lakini kisa chake kilinikumbusha kingine, cha nyumba moja ya Makongeni, Thika, ambako mbwa aliingia chumba cha nyuma yalikosukumiwa mahindi yaliyolowa, akala kwa siku mbili tatu bila kuvimba wala kulalamika, na juma lile lile akaacha kula, akatapika, macho na fizi zikageuka manjano, akafa. Mahindi yale hayakupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa juu ya sababu. Lakini dalili zile ni za ini lililoharibiwa, na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu uzidio asilimia 13.5 huota kuvu atoaye sumukuvu, ambayo wengine huiita aflatoksini, sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

Hapa ndipo mbwa mdokozi anapokuwa shahidi wetu. Mwaka 1977 na 1978 mbwa na kuku wengi walikufa katika Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sumu hiyo ya nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Mwaka 1981 huko Machakos watu 20 walilazwa hospitali kwa ugonjwa wa ini, wakafa 12 katika hao. Na waganga walioandika habari zao walitaja kwamba mbwa wengi waliokuwa wakishiriki chakula cha nyumba zile walikuwa wamekwisha kufa kabla ya wagonjwa kupelekwa hospitali. Habari iliandikwa. Haikutufaa vya kutosha, kwani mwaka 2004 yalikuja maafa makubwa zaidi, ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika yetu hii, wakahesabiwa wagonjwa 317 na waliofariki 125; na katika mahindi yaliyochukuliwa sokoni na kupimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi mikrogramu 20 kwa kilo, na saba katika kila mia zilizidi mikrogramu 1,000, ilhali kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni 10.

Wazee wa Wakikuyu waliolima nchi hii kabla ya mabati walijenga kihenge cha fito zilizosukwa, wakakiinua juu ya miguu, wakakifunika kwa paa la nyasi, na nafaka ikatolewa juu kwa kuinua paa, si chini kwa mlango. Hewa ilipita chini na ubavuni, na mbwa hakuwa na pembe ya kuparura. Sisemi turudi kwenye fito, kwa maana mwizi wa leo si wa jana, na panya ni yule yule. Nasema kwamba sisi tulipochukua bati tuliiteremsha nafaka sakafuni, penye unyevu na penye pua ya mbwa, tukadhani kwamba kufuli limetosha.

Mwalimu amekwisha kubadilisha ubao wa chini, akaupigilia bati pana kwa ndani na nje, akayainua magunia juu ya uchaga wa mbao kimo cha shubiri mbili, na chakula cha kuku akakitia katika pipa lenye kifuniko cha kubana. Nawe msomaji, ukiwa na mbwa na stoo, jioni hii piga magoti mbele ya mlango wako utazame pembe za chini kwa kimo cha mbwa; na mbwa wako akidokoa mahindi ya stoo kisha akaacha kula na macho yakageuka manjano, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, na mahindi yale usiyapike, usiyauze, wala usiwape kuku, mpaka yapimwe.