GB 500 Zinatosha: Hesabu ya Kurekodi Televisheni ya HD Nyumbani

Enzi za kanda za VHS hesabu ilikuwa nyepesi. Kanda iliyoandikwa E-180 ilibeba saa tatu, iwe imerekodiwa mechi, arusi au taarifa ya habari, na mwenye kanda alijua mapema itaishia wapi. Televisheni za kidijitali zimeuondoa urahisi huo. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata, picha inayoingia nyumbani kwa king'amuzi ni mkondo wa data, na diski ya kuihifadhia inauzwa kwa gigabaiti. Mtu wa Mchukwi, wilayani Kibiti, anayetaka diski ya kuchomeka kwenye king'amuzi chake hana kipimo cha saa cha kumwongoza. Ana neno la muuzaji tu, kwamba kubwa ndiyo nzuri. Neno hilo linampotosha. Kwa nyumba ya kawaida, diski ya GB 500 inatosha kurekodi HD msimu mzima wa ligi, na fedha inayobaki ina kazi ya maana zaidi kuliko kununua nafasi ambayo haitajaa.

Tuanze na kinachoandikwa kwenye diski. Picha ya HD kamili ina pikseli 1,920 kwa 1,080, na kwa mfumo unaotumika kwetu hubadilika mara 25 kwa sekunde. Kama ingehifadhiwa bila kubanwa, ingehitaji zaidi ya megabiti 600 kila sekunde, yaani karibu GB 280 kwa saa moja, na hakuna nyumba ambayo ingemudu. Kituo cha urushaji huibana kabla ya kuipeleka kwenye satelaiti. King'amuzi kinaporekodi hakiibani upya. Huuchukua mkondo kama ulivyofika na kuuandika kwenye diski. Kwa hiyo ukubwa wa faili hauamuliwi na ukubwa wa runinga wala ubora wa waya wa HDMI. Huamuliwa na kasi ambayo kituo kimetumia kurusha. Kanuni yake ni fupi: kila megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Chaneli ya HD iliyobanwa kwa H.264 mara nyingi huwa kati ya megabiti 5 na 10. Tukichukua 8, saa moja inakuwa GB 3.6. Chaneli ya ubora wa kawaida kwa megabiti 2 haifiki GB 1. Marekani, ambako televisheni ya antena ilianza HD kwa ubanaji wa zamani wa MPEG-2, mkondo mzima wa chaneli moja hufika megabiti 19.39, sawa na GB 8.7 kwa saa. Ndiyo maana ushauri wa kununua diski kubwa sana unaotoka huko hautufai sisi tulioingia HD baadaye, tukiwa na ubanaji bora zaidi.

Sasa tuipeleke kanuni hiyo nyumbani. Ligi Kuu Tanzania Bara ina timu 16, na kila timu hucheza mechi 30 kwa msimu. Nyumba ya mashabiki wa Yanga au Simba ikirekodi kila mechi ya timu yake kwa saa mbili, mapumziko na dakika za nyongeza zikiwemo, na isifute hata moja, itatumia GB 216. Tamthilia ya nusu saa, siku tano kwa wiki, ikihifadhiwa kwa wiki nne ili aliyekuwa shambani au safarini aifuatilie, ni GB 36. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku, saa moja kila siku kwa megabiti 3, ikifutwa baada ya wiki, haizidi GB 10. Jumla ni kama GB 262. Tuongeze robo nzima kwa dharura, fainali na vipindi vya watoto, na bado hatujafika GB 330. Hata kama kituo kitapandisha kasi hadi megabiti 10 kwa mechi zote 30, msimu utafika GB 270 na diski ya GB 500 bado itaubeba pamoja na vyote hivyo. Mwenye diski asishtuke kompyuta ikimwonyesha GB 465. Hakuna kilichoibiwa: mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na kompyuta kwa 1,024, lakini baiti ni zilezile.

Tatizo la nafasi ambalo watu wengi hukutana nalo halitokani na diski kujaa. Hutokana na namna ilivyoandaliwa. Flashi nyingi na baadhi ya diski huandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuvuka GB 4 za hesabu ya kompyuta. Kwa kasi ya megabiti 8, kikomo hicho hufikiwa baada ya dakika 71 na nusu hivi. Hesabu mechi: dakika 45 za kwanza, tatu za nyongeza, 15 za mapumziko. Faili linagonga ukuta kipindi cha pili kikiwa na dakika nane tu. King'amuzi kizuri hukata faili na kuanzisha jingine bila mtazamaji kujua, lakini kisichoweza kufanya hivyo husimamisha kurekodi papo hapo, huku mamia ya GB yakiwa matupu. Mwenye nyumba huamini diski yake ni ndogo, hurudi dukani, hununua ya TB 2, na ikiandaliwa vilevile hukatwa dakika ileile. Dawa yake haina gharama: soma kwenye menyu king'amuzi kinakubali mfumo gani, iwe NTFS, exFAT au mfumo wake chenyewe, kisha kiache kiiandae diski ikiwa bado tupu.

Kuna watakaosema flashi ya GB 32 au 64 inatosha, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na haili umeme mwingi. Kwa mechi moja ya kutazama kesho yake, wako sahihi, na kasi yake si kikwazo, kwani megabiti 8 ni MB 1 tu kwa sekunde. Lakini king'amuzi chenye uwezo wa kusimamisha matangazo na kuyarudisha nyuma huandika muda wote runinga ikiwa imewashwa. Saa tano za jioni ni GB 18, zaidi ya nusu ya flashi ya GB 32, kila siku. Chipu za flashi huchakaa kwa kuandikwa, na za bei ya chini huchakaa upesi. Ubaya zaidi ni flashi bandia zinazojitangaza GB 64 huku ndani zikiwa na nafasi ndogo sana. Hupokea rekodi bila kulalamika, kisha faili halifunguki.

Wengine watauliza kwa nini mtu arekodi wakati mechi na tamthilia zinapatikana mtandaoni. Jibu liko kwenye kanuni ileile. Saa moja ya HD kwa ubora huohuo ni GB 3.6 za bando, na kila anayeirudia hulipa tena, wakati king'amuzi hurekodi bila kugusa bando hata kidogo. Isitoshe, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota nchini. Matangazo ya dishi hayapiti kwenye nyaya hizo. Wapo pia watakaoshauri kuyabana mafaili upya kwa H.265 ili kuokoa takriban nusu ya nafasi. Kazi hiyo hudai kompyuta na saa nyingi za umeme, huku picha ikipoteza ubora, ili kuokoa nafasi ambayo tumeshaona haihitajiki.

Hoja nzito kuliko zote ni ya bei: kadiri diski inavyokuwa kubwa, ndivyo kila GB inavyokuwa nafuu. Ni kweli, lakini unafuu wa GB isiyotumika si akiba. Diski za inchi 3.5, zenye nafasi kubwa zaidi, hutaka umeme wake wa volti 12. Ile ya inchi 2.5 hutumia volti 5 za tundu la USB, na hata hapo tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampia 500, ambacho diski ya kuzunguka inaweza kukivuka inapowaka. Kwenye vijiji vya delta wilayani Kibiti, ng'ambo ya Nyamisati, ambako nyumba nyingi hutegemea sola, kila wati ina mwenyewe. Na umeme ukikatika rekodi ikiendelea, faili lisilofungwa linaweza kupotea na kuharibu orodha ya mengine. Diski kubwa moja hukusanya hasara yote mahali pamoja.

Kikomo cha mwisho ni kufuli. Chaneli za kulipia hufungwa kwa msimbo, na kilichorekodiwa kutoka kwao mara nyingi hufunguka kwenye king'amuzi kilekile tu. Kikifa, rekodi za miaka mitano hufa nacho, ziwe GB 300 au TB 2. Rekodi hizo ni za kutazamwa na kufutwa, na hilo nalo linapunguza sababu ya kununua diski kubwa.

Kwa hiyo ushauri ni huu. Nunua diski ya inchi 2.5 yenye GB 500 kwa muuzaji atakayekuruhusu kuijaribu. Iandae kwenye king'amuzi chenyewe. Fedha iliyobaki inunulie kifaa cha kulinda umeme, na ikitosha, diski ya pili ya kunakilia yale yasiyofungwa: chaneli za bure, arusi, mahafali ya watoto. Kisha weka daftari kando ya runinga, uandike kilichorekodiwa na siku ya kukifuta, maana mali bila daftari hupotea bila habari.