Nyotamkia ya Nairobi ilivyotafutiwa njia

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1948, mwezi ulilifunika jua lote juu ya Nairobi. Giza halikufika hata dakika mbili, lakini lilitosha: kando ya jua, upande wa kusini-magharibi, ikaonekana nyotamkia ambayo hakuna aliyekuwa na habari nayo. Siku tano kabla ilikuwa imelipita jua kwa umbali wa kilomita milioni 20 hivi, karibu theluthi ya umbali wa Zebaki, na mng'ao wa jua ukaificha.

Isaka, mji wa Tanzania ya leo ulio kama kilomita 500 kutoka hapo, haikuwa ndani ya mkanda wa giza kamili. Huko jua lilimegwa tu, na kimego kinachobaki, hata kiwe chembamba vipi, hufuta kila kilicho jirani.

Jina la nyotamkia hiyo, Nyotamkia ya Kupatwa kwa Jua, linazipa sifa zote dakika zile. Si haki. Doa moja angani halisemi limetoka wapi. Tangu Carl Friedrich Gauss alipoipigia hesabu Ceres mwaka 1801, inajulikana kwamba njia hupatikana kwa vipimo visivyopungua vitatu vya nyakati tofauti.

Nafasi ya kupima vizuri ilikuja siku chache baadaye, nyotamkia ilipojitenga na jua na kuanza kuonekana alfajiri. Hapo aliyekuwa Isaka, nyuzi 4 kusini mwa ikweta, alimzidi mtaalamu wa London: mkia ulifikia nyuzi 30 hivi, yaani upana wa ngumi tatu kwa mkono ulionyooshwa.

Kazi ngumu ilikuwa kipindi, yaani muda wa kulizunguka jua mara moja. Edmond Halley alikuwa na tarehe za kulinganisha, 1531, 1607 na 1682. Akatabiri nyotamkia yake ingerudi 1758, na Desemba mwaka huo ikaonekana. Ya Nairobi haikuwa na rekodi ya nyuma. Tukipima jinsi njia ilivyorefuka, 0 ikiwa duara kamili na 1 njia isiyorudi, ya Halley ni 0.967, hii ni takriban 0.9999. Karibu na jua, duaradufu ndefu namna hiyo na njia isiyorudi ni vigumu kuzitofautisha, na kosa dogo la kipimo hubadili kipindi kwa maelfu ya miaka. Ndiyo maana darubini ziliendelea kuifuata hadi 1949, wakati macho matupu yalikuwa yameshaipoteza mwishoni mwa Desemba. Hesabu zikatoa makumi ya maelfu ya miaka, ilhali zinazoitwa nyotamkia za vipindi, kwa desturi, hurudi ndani ya miaka 200.