Mvua ya Hiroshige Ilichongwa na Nani?

Sisi walimu wa lugha tumezoea kusema "picha ya Hiroshige" pasipo kujiuliza a-unganifu ile inabeba mzigo wa watu wangapi. Hebu tuitazame picha moja ya chapa, ile ya mvua ya ghafla katika daraja la Ohashi, iliyotolewa mwaka 1857 mjini Edo, ndio Tokyo ya leo. Wapita njia wameinama chini ya miavuli na kofia za majani. Mtoni mtu mmoja anasukuma chelezo kwa upondo. Na juu ya wote mvua inashuka kwa mistari myembamba kama nywele, isiyolala kwa mwinamo mmoja.

Hiroshige hakuchonga hata mstari mmoja wa mvua hiyo. Yeye alichora kwa wino juu ya karatasi nyepesi. Mchoro ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, na mchongaji akakata akiifuata mistari, hata mchoro wenyewe ukaangamia chini ya kisu. Wala mstari wa mvua hauchimbwi; huachwa. Mchongaji huondoa mti huku na huku mpaka ubaki ukingo mwembamba, na kisu kikiteleza, kazi ya siku nyingi imeharibika. Lile wingu jeusi la juu nalo halikuchongwa na mtu ye yote. Mpiga chapa alitia rangi juu ya ubao wenye unyevu, akaififisha kwa mkono, kisha akalaza karatasi na kuisugua kwa kisuguo kilichofungwa ganda la mwanzi. Ndiyo maana wingu hilo hubadilika nakala kwa nakala.

Mwaka 1887 Vincent van Gogh aliinakili picha hii kwa rangi za mafuta. Maji yake yanachemka kwa uhai, twakiri. Lakini mvua yake hainyeshi. Brashi haikuweza kutoa kile kilichotolewa na kisu.

Huko Japani kwenyewe walitokea waliochoshwa na mgawanyo huu wa kazi. Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alitoa picha ya mvuvi aliyoichora, akaichonga na kuipiga chapa mwenyewe, na baada yake Onchi Koshiro na wenzake wakaishika njia hiyo. Lalamiko lao lina msingi, kwani mchapishaji ndiye aliyeshika mfuko, na soko likipenda theluji, theluji itaanguka kila mwaka. Hata Kawase Hasui, tunayempenda sana, ana mahekalu mengi mno yenye theluji! Hata hivyo hatukubali kwamba kazi ya mikono mingi ni sanaa pungufu. Tetemeko la mwaka 1923 lilipoteketeza mbao za mchapishaji Watanabe Shozaburo pamoja na madaftari ya michoro ya Hasui, wawili hao walianza upya, na mafundi wakiwa pamoja nao.

Hasui alifariki mwaka 1957, picha yake ya mwisho ikiwa haijakamilika. Yaonyesha mtu mmoja peke yake akipanda ngazi katika theluji kuelekea jumba la Konjikido, huko Hiraizumi. Mafundi wa Watanabe waliimaliza bila yeye. Jina lililomo ni la Hasui.