Dolly Parton Akisikika Gatina

Gatina, upande wa Kawangware, redio ya mmoja ni ya mtaa mzima. Inasikika kwa kinyozi, kwa mama mboga, kwa fundi aliyeinamia cherehani, na kila anayeisikia ana neno la kusema. Ukipigwa wimbo wa kantri wa polepole, hasa ulioimbwa na mwanamke, vijana hulalamika kwamba huo ni wa kubembelezea watoto. Waliokua na Sundowner, kipindi cha nyimbo laini cha KBC, hawataki hata kusikia hoja hiyo.

Hapa wazee wana haki. Wimbo wa polepole hauna pa kumficha mwimbaji. Ngoma zikipungua, pumzi yake husikika, neno lililotamkwa ovyo husikika, na huzuni ya kuigiza hujulikana mara moja.

Albamu ya mwimbaji wa kantri wa Marekani Dolly Parton, Coat of Many Colors, iliyotoka 1971, ni ushahidi tosha. Ina nyimbo 10, saba zikiwa kazi ya kalamu yake mwenyewe. Wimbo ulioipa albamu jina unasimulia koti ambalo mama yake, Avie Lee, alimshonea kwa viraka huko Tennessee, katika nyumba ya watoto 12, na jinsi wenzake shuleni walivyomcheka. Maneno yake aliyaandika 1969 akiwa safarini kwa basi, nyuma ya risiti ya dobi aliyefua suti za mwimbaji mwenzake Porter Wagoner. Mwimbaji mwingine angelilia hadithi hiyo kuanzia ubeti wa kwanza. Dolly anaisimulia tu, kwa sauti nyembamba isiyo na haraka, na uchungu anamwachia anayesikiliza. Huo ndio ufundi wenyewe. Mama wa Gatina anayepunguza nguo ya mitumba ili imtoshe mwanawe hana haja ya kufafanuliwa koti hilo, hata kama Kiingereza cha milima ya Tennessee kinampita.

Na Wakenya hawakuanza jana kuutolea muziki wa kantri maoni. Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakimwimba Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia. Katika wimbo wao ni nusu mtu, nusu paa. Kinubi kinadunda chini, sauti za wasichana zinaelea juu yake, nyepesi na za ajabu. Ni vigumu kutaja sifa nzuri zaidi aliyowahi kupewa mwanamuziki na wasikilizaji wake: hawakumwiga, walimtungia wimbo wa kwao.

Leo Kenya ina Esther Konkara, ambaye mashabiki humlinganisha na Dolly, na kwenye mugithi, muziki wa Kikuyu wa mpiga gitaa, gitaa moja huvuka kutoka wimbo wa Kikuyu hadi wa Kenny Rogers bila kupumzika. Kinachokosekana ni albamu tulivu ya mwanamke wa Kawangware, ya Kiswahili au Kikuyu, yenye gitaa mbili na nafasi ya kutosha kati ya maneno, inayoimba kodi ya nyumba, sare za shule na barua za kijijini. Wasikilizaji makini wa kuipima tayari wapo, kuanzia kwa yule fundi wa cherehani, na hawatamwonea haya mwimbaji akikosea.