Farasi 280 za ile fishi, na bloki yenye inalala mu lupango yetu



Mwenzetu mmoja wa promosioni ya nyuma yetu alibandika hapa fishi ya motere ya Toyota, ile 1JZ-GTE ya turbo yenye inakaa ndani ya Mark II na Chaser. Chini yake akaandika kwamba hii motere haikufaka. Akaongeza kwamba pesa ya dekonte yake iko karibu kutoka, na ameisha kuona gari moja kule Lubumbashi, nyeupe, safi kabisa. Watu wakamupigia makofi. Mimi sikupiga. Nilisoma ile fishi mara tatu, kisha nikaenda kuketi inje, kwa sababu mu lupango yetu kuko bloki ya motere hiyohiyo, na kuku zinalala juu yake.

Niseme mbele: sina neno na huyu mdogo wetu. Neno langu liko na fishi. Fishi ni maandishi sawa maandishi mengine. Iko na mwenye aliiandika, iko na watu wenye aliwaandikia, na iko na vitu vyenye alinyamazia. Tulifundishwa kuisoma kwenye mabenchi, tukapata pointi, tukasahau kuuliza hayo.

Inaanza vizuri. Silinda sita kwa mstari moja, sentimita kubu 2,492. Pistoni ya upana wa milimita 86, mwendo wake milimita 71.5. Hapo mtu wa mekaniki tayari ameelewa tabia: pistoni pana, mwendo mfupi, motere yenye kupenda kuzunguka mbio. Bloki ni chuma cha kumiminwa, kulasi ni aluminiumu. Silinda sita za mstari moja zinajisawazisha zenyewe, hazitetemeki sawa nne. Haya yote ni kweli na sitayapunguza hata kidogo. Ukisikia ile motere ikiamka asubuhi, unaelewa kwa nini mtu mzima anauza kiwanja.

Halafu ule mstari wenye kila mtu alipenda: farasi 280.

Muangalie hii namba vizuri. Kuanzia 1989, viwanda vya motokari vya Japani vilikuwa na mapatano yao ya kistaarabu: hakuna mwenye atatangaza zaidi ya farasi 280 kwa gari ya kuuzwa ndani ya nchi yao. Mapatano yalikaa mpaka 2004, Honda ilipotoa Legend ya farasi 300. Basi kwa miaka 15 motere tofauti kabisa zilitoka na namba moja, sawa wanafunzi wenye wamekopiana mtihani. Supra ya litre tatu iliandikwa 280 kule kwao, na ile ya kupelekwa Marekani, yenye ilibadilishwa kidogo, ikaandikwa 320. Hii 1JZ-GTE yenyewe ilitoka 1990 na turbo mbili ndogo: farasi 280. Mwaka 1996 wakaigeuza, wakaweka turbo moja kubwa na VVT-i, ule mtambo wa kubadilisha saa ya kufungua vilango vya hewa. Farasi? 280 tena.

Je, hakuna kilichobadilika? Kilibadilika kitu kikubwa, lakini hakiko kwenye mstari wa farasi. Nguvu ya kuvuta ilitoka niutoni-mita 363 kwa mizunguko 4,800 kwa dakika, ikawa 379 kwa mizunguko 2,400. Yaani ya kwanza inakulazimisha kukanyaga sana ndipo inakusikia, na ya pili inavuta kutoka chini, na watu watano ndani, kwa mlima. Mtu wa kutafuta gari ya kutembea nayo, njo namba yenye anapaswa kutazama mbele ya yote. Fishi ya mdogo wetu haikuiandika, wala haikusema ni ya 1990 ao ya 1996. Iliandika 280 kwa herufi kubwa na picha ya moto pembeni.

Sasa tuje kwa hili neno "haikufaka". Hapa njo kuna hatari, kwa sababu ni nusu ya ukweli.

Bloki ni ngumu, nimeisha kukubali. Lakini mtu hanunui bloki. Ananunua bloki pamoja na turbo, mipira ya maji, radiatere, pompe, sensori, waya, na vyote hivyo viko na zaidi ya miaka 20. Na ile motere ilipimwa kwa esanse ya kwao, ile ya daraja ya juu yenye oktani karibu 100. Sisi hapa tunaweka esanse yenye tumepata. Siku pompe zinakauka, tunaweka ya bidon, na mwenye kuuza bidon hana jibu ukimuuliza oktani.

Oktani si utajiri wa esanse, sawa watu wanafikiri. Ni uvumilivu wake. Ndani ya silinda ya turbo, hewa inaingia ikiwa imeisha kukandamizwa na kupata moto, kisha pistoni inaikandamiza tena. Esanse yenye uvumilivu mdogo haingojee bujii iiwashe vizuri mpaka mwisho. Sehemu yake inalipuka yenyewe, na ule mlipuko unapiga pistoni sawa nyundo. Toyota walijua hilo. Waliweka sensori kwenye bloki, sikio la kusikiliza zile nyundo, na kompyuta ikisikia inachelewesha cheche. Kwa hiyo hapa kwetu, siku nyingi, zile farasi 280 hazipo. Kompyuta imezifungia ndani ili motere isife. Mwenye gari anasikia imelegea, anasema, "Iko na kitu inaikamata," na anatafuta mtu wa kuifungua.

Tena muongeze mahali penye tunakaa. Likasi iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, na hewa yetu iko na uzito pungufu karibu sehemu 12 kwa 100 kuliko ya pwani. Motere ya kawaida inapoteza nguvu vile vile. Turbo inarudisha sehemu kubwa, na wauzaji wanapenda kusema hivyo, ni kweli. Paka haifanyi bure. Ili kutoa mgandamizo uleule inazunguka mbio zaidi, na hewa inatoka na moto zaidi. Shafti ya turbo inapita mizunguko 100,000 kwa dakika, juu ya utando mwembamba wa mafuta ya motere. Mafuta yakizeeka, ao mtu akifika nyumbani mbio na kuzima mara moja, yanaungua mulemule na kuwa makaa. Na vumbi letu la kiangazi, lile jekundu lenye linafuata malori ya madini, filtre ikiwa na tundu dogo tu, linakula mapanga ya turbo sawa msasa.

Yaya yangu alinunua yake kwa nusu ya dekonte, akiwa ametoka kwenye kazi ya miaka mingi. Ilikuwa Chaser ya rangi ya feza. Nia yake ilikuwa kubeba watu Likasi na Lubumbashi, kilomita 120 na kitu, wenye kutaka kufika upesi. Mwaka wa kwanza ilimulipa, ninashuhudia. Kisha alichoka na ule ulegevu wa kupanda mlima. Fundi mmoja akamuambia, "Yaya, tunaongeza paka kidogo presha ya turbo, utaona." Waliongeza hewa. Esanse hawakuongeza, na ile kinga yenye kukata motere wakati hewa imepita kiasi wakaidanganya na kifaa kidogo. Wiki mbili gari iliruka sawa swala. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto kali, esanse ya bidon, watu wanne ndani. Kulasi ilipofunguliwa, bloki ilikuwa nzuri ya kushangaza, na pistoni moja ilikuwa imeyeyuka pembeni sawa mushumaa.

Aliniuliza jambo moja tu: "Mudogo, si beye njo mulisomaka ile fishi?"

Ndiyo. Mimi njo nilimusomea, na nilimusomea farasi.

Ndugu mmoja alijibu pale chini kwamba Toyota ya turbo ilishinda Safari Rally kule Kenya, kwa hiyo Afrika inaiweza. Ilishinda, tena mara nyingi: Celica ya Waldegård 1990, ya Sainz 1992, ya Kankkunen 1993, na 1994 ya Ian Duncan, Mkenya mwenyewe. Lakini ile ilikuwa motere ingine, ya silinda nne, na juu ya gari kulikuwa helikopta, mbele yake mafundi wenye piese mpya wakingoja barabarani. Ukinunua Chaser kwa dekonte, helikopta haiko mu bei.

Kwa mdogo wetu, kama bado hajalipa. Mark II hiyohiyo inapatikana na motere ya 1G-FE, sentimita kubu 1,988, bila turbo. Farasi zake ni nusu, 140 kwa ile ya 1996, na hakuna mtu atabandika fishi yake kwenye ukurasa huu. Hiyo njo ningenunua kwa kubeba watu. Kama roho yako imekataa kabisa, basi tafuta ile ya baada ya 1996, ukaione asubuhi ikiwa baridi, si kisha muuzaji ameisha kuipasha moto. Pima mgandamizo wa silinda zote sita. Namba zikitofautiana sana, rudi nyumbani. Toa mpira wa hewa, shika shafti ya turbo na vidole, sikia kama inacheza. Angalia kama kuna mkono umeisha kugusa presha. Mafuta ya motere utabadilisha kila kilomita 5,000, na pesa ya mipira na radiatere mpya uitenge mbele ya rangi na rimu.

Na kama unataka kuona hiyo bloki, karibu nyumbani. Juzi mtu alikuja kuuliza bei yake, ya kuweka ndani ya gari ingine ya turbo. Yaya alimuambia kwanza aseme atatumia esanse gani.