Hesabu ya Vimweko

Huko Wamaza, katika Maniema ya Kongo, dhahabu si kitu cha kusimuliwa. Kabambare ina Namoya na Salamabila, ambako wachimbaji wadogo huosha mchanga kwa karai tangu asubuhi. Ukipanda kaskazini hadi Pangi unafika Kalima, ambako kasiterite, lile jiwe zito jeusi linalotoa bati, lilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Sokoni, dhahabu na bati hupimwa kwa mizani. Mwaka 1909, mjini Manchester huko Uingereza, metali hizo mbili zilipimwa kwa kipimo kingine kabisa: zilirushiwa chembe za alfa, na mtu aliyeketi gizani akahesabu vimweko vya zile zilizorudi nyuma. Dhahabu ilitoa vimweko 67 kwa dakika. Bati likatoa 34. Haidhuru metali hizo zilichimbwa wapi, maana dhahabu ya Namoya ingetoa hesabu ileile.

Waliohesabu walikuwa wawili. Hans Geiger alikuwa Mjerumani, fundi wa vipimo. Ernest Marsden alikuwa mwanafunzi wa miaka 20, mzaliwa wa Lancashire. Mkuu wa maabara alikuwa Ernest Rutherford kutoka New Zealand, naye ndiye aliyekuja kupewa sifa ya kugundua kiini cha atomi. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini anayeisoma taarifa yao ya 1909, kisha ile ndefu ya 1913, huona kwamba kabla ya wazo kulikuwa na kazi ya mikono na macho, iliyopangwa hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na sababu yake.

Kazi ilianza na chanzo cha chembe. Mwaka 1908 Rutherford alipata radiamu kwa mkopo kutoka Akademia ya Sayansi ya Vienna. Radiamu yenyewe haikuwekwa ndani ya chombo cha jaribio. Ilihifadhiwa ikiwa imeyeyushwa katika maji, nayo ikawa inatoa gesi polepole, gesi ambayo leo tunaiita radoni na ambayo nayo hurusha chembe za alfa. Fundi aliivuta gesi hiyo kwa pampu ya zebaki, akaisafisha kwa kuigandisha kwa hewa iliyopozwa hadi ikawa kimiminiko, kisha akaisukuma ndani ya kijitube cha kioo. Gesi ilikuwa kidogo mno hata haionekani kwa macho, na muda wake ulikuwa mfupi: kila baada ya siku nne kasoro, nusu yake huwa imekwisha. Aliyejaza kijitube Jumatatu alijua kwamba Ijumaa atakuwa na chanzo chenye nusu ya nguvu. Kwa hiyo kila hesabu iliandikwa pamoja na saa yake, ili baadaye isahihishwe kulingana na nguvu iliyokuwa imebaki.

Kijitube hicho nacho kilihitaji ustadi. Chembe ya alfa hutoka kwa kasi inayoweza kufika kilomita 19,000 hivi kwa sekunde, lakini haifiki mbali. Hata zile zenye nguvu kuliko nyingine za radoni na vizazi vyake husimama baada ya sentimita saba za hewa, na kioo cha kawaida huzizuia zote. Maabara ya Manchester ilimtegemea mpuliza kioo aliyeitwa Otto Baumbach, ambaye aliweza kuuvuta ukuta wa kioo hadi ukawa mwembamba kuliko sehemu moja ya mia ya milimita, bila kupasuka na bila kuvujisha gesi. Ni kwa kioo chake Rutherford na Thomas Royds walithibitisha kwamba chembe za alfa ni heli: gesi ilibaki ndani, chembe zikapenya nje, na baada ya siku kadhaa rangi za mwanga wa heli zikaonekana mahali ambapo hapakuwa na heli. Katika jaribio la 1909 kijitube kilikuwa na umbo la pia, na mdomo wake ulizibwa kwa kipande chembamba cha ulanga. Chembe zilipita kwenye ulanga huo kama kupitia dirishani.

Ikafuata metali. Dhahabu hupendwa kwa kazi hii kwa sababu hufulika kuliko metali nyingine zote. Mafundi wa majani ya dhahabu huipiga kwa nyundo hadi unene wake uwe karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Jani la namna hiyo halishikwi kwa vidole, maana pumzi tu hulikunja. Geiger na Marsden walikuwa na njia mbili za kujua unene wake. Walilipima uzito na kuugawanya kwa eneo lake. Pia waliangalia jani lilipunguza mwendo wa chembe kwa kiasi gani, wakaulinganisha unene wake na sentimita za hewa. Walipotaka metali nene zaidi waliweka jani juu ya jani. Hatua hiyo ndogo iliwafundisha jambo kubwa: majani yalipoongezeka, chembe zilizorudi nazo ziliongezeka. Kwa hiyo hazikuwa zikidunda juu ya uso wa metali. Zilikuwa zikiingia ndani, zikakutana na kitu, zikageuka.

Chombo cha kuonea kilikuwa kipande cha kioo kilichopakwa fuwele ndogo za salfaidi ya zinki. Chembe moja ya alfa ikigonga fuwele, hutokea kimweko kimoja. Kimweko hicho ni dhaifu na cha kupita, huonekana kwa hadubini tu, na gizani tu. Mwaka 1908 Rutherford na Geiger walikuwa wametengeneza kifaa cha umeme cha kuhesabu chembe moja moja, na hesabu yake ikalingana na hesabu ya vimweko. Tangu hapo jicho likawa na cheti. Lililokiona kimweko limeiona chembe.

Lakini jicho lenyewe lilipaswa kuandaliwa. Mhesabuji aliketi katika chumba chenye giza kwa muda wa kutosha hadi mboni zipanuke, kabla ya kuruhusiwa kuhesabu lolote. Aliinama kwenye hadubini, akatazama eneo dogo la kioo, akahesabu kwa dakika moja hivi, kisha akapumzika au kumpisha mwenzake, kwa sababu jicho lililochoka huona visivyokuwapo na hukosa vilivyopo. Vimweko vilipozidi kama 90 kwa dakika vilifuatana upesi mno na hesabu ikapotea. Vilipokuwa vichache kupita kiasi, kubahatika kukawa kwingi kuliko ushahidi. Kwa hiyo chanzo, umbali na muda vilipangwa ili vimweko vije kwa mwendo ambao mwanadamu anaweza kuufuata.

Hapo pana jambo ambalo mwosha dhahabu wa Salamabila angelitambua mara moja. Anayezungusha karai hafuati dhahabu. Anaondoa kisichokuwa dhahabu, zamu baada ya zamu, hadi kinachobaki kisiweze kuwa kitu kingine. Geiger na Marsden walifanya vivyo hivyo. Waliweka bamba la risasi kati ya chanzo na kioo cha zinki, chembe zisije moja kwa moja. Kisha wakaondoa metali na kuhesabu vimweko vilivyobaki: vile vilivyotokana na chembe zilizogeuzwa na hewa, au na uchafu mdogo wa unururifu ulioganda kwenye kuta. Hesabu hiyo ya bila metali ilitolewa katika hesabu yenye metali. Baki ndilo lililoandikwa.

Jedwali la 1909 lina metali nane. Risasi 62, dhahabu 67, platini 63, bati 34, fedha 27, shaba 14.5, chuma 10.2, alumini 3.4. Mpangilio unaonekana hata kwa asiyejua fizikia: atomi zikiwa nzito, chembe nyingi hurudi, zikiwa nyepesi, chache. Kwa platini walikadiria kwamba chembe moja kati ya 8,000 hivi hugeuzwa na kurudi. Wengi wangelitupa jambo linalotokea mara moja katika 8,000 na kuliita kosa la macho. Hawa wawili walikuwa wameshaondoa makosa yote waliyoyajua, hivyo hawakuwa na sababu ya kulitupa.

Mwaka 1911 Rutherford alitoa maelezo. Atomi, alisema, karibu uzito wake wote na chaji yake vimekusanyika katikati, mahali padogo mno. Chembe nyingi hupita mbali na hapo na kuendelea na safari. Moja moja hukaribia, ikasukumwa na chaji na kugeuka. Wazo hilo lilileta sharti la hesabu: idadi ya chembe zinazogeuka kwa pembe fulani lazima ibadilike kwa kanuni moja mahususi kadiri pembe inavyobadilika, toka ndogo hadi kubwa. Wazo likawa kwenye karatasi. Kulithibitisha ilikuwa kazi ya Geiger na Marsden, wakarudi gizani.

Kifaa chao cha 1913 kinastahili kutazamwa polepole. Ni kasha imara la metali, la mviringo. Ndani yake kuna chanzo na jani la dhahabu, vilivyoshikwa kwa bomba lisilosogea. Hadubini imepenya ubavu wa kasha, na kioo cha zinki kimebandikwa kwenye ncha yake ya ndani. Kasha limekaa juu ya sahani iliyochorwa nyuzi za pembe. Ukiizungusha sahani, kasha na hadubini huzunguka pamoja kulizunguka jani, huku chanzo na jani vikibaki palepale. Kiungo cha kuzungushia kina umbo la pia na kimesagwa hadi hewa isipenye, kwa sababu ndani ya kasha hakuna hewa: imevutwa nje, chembe zisipotee njiani. Mfuniko ni bamba la kioo lililosuguliwa likakaa sawasawa. Hivyo pembe ingeweza kubadilishwa bila kufungua kasha na bila kugusa jani wala chanzo.

Ugumu ulikuwa katika ukubwa wa tofauti. Kwenye pembe kubwa chembe ni chache sana. Kwenye pembe ndogo ni maelfu kwa maelfu. Jicho haliwezi kuhesabu vyote kwa chanzo kimoja chenye nguvu moja. Walichofanya kinaonyesha akili ya fundi: kufa kwa radoni, ambako kwingine kulikuwa kero, walikugeuza kuwa chombo cha kazi. Chanzo kikiwa kipya na kikali walihesabu kwenye pembe kubwa, ambako vimweko ni haba. Siku zilipopita na chanzo kikadhoofika, wakasogea kwenye pembe ndogo, ambako vimweko vingekuwa vingi mno kwa chanzo kipya. Mwishowe walisahihisha kila hesabu kwa nguvu ya chanzo ya saa ile na kuzileta zote kwenye kipimo kimoja.

Kwa dhahabu, kwenye nyuzi 150 hesabu ilikuwa 33.1. Kwenye nyuzi 60 ikawa 477. Kwenye nyuzi 30 ikawa 7,800. Kwenye nyuzi 15, baada ya masahihisho, ikafika 132,000. Kisha waligawanya kila idadi kwa kiasi ambacho kanuni ya Rutherford iliagiza kwa pembe hiyo. Kama kanuni ni kweli, majibu yote yanapaswa kukaribiana. Jibu dogo kuliko yote lilikuwa 27.5 na kubwa kuliko yote 39.6. Idadi ya vimweko ilikuwa imeongezeka mara elfu nne, na jibu likabaki karibu palepale. Ni hapo mtu anapoona uzito wa kila dakika iliyohesabiwa: lau mmoja wao angesinzia kwenye pembe moja, au angesahau kutoa vimweko vya ukutani, safu hiyo ingevunjika.

Njia hiyohiyo iliendelea kuzaa. Mwaka 1919 Rutherford alitangaza kwamba chembe za alfa zikipiga naitrojeni hutoa protoni. Mwaka 1932 James Chadwick alizielekeza kwenye berili, akagundua nyutroni. Na kwa wakati huo Kongo ilikuwa imeingia katika habari hii kwa mlango wake: madini ya urani ya Shinkolobwe, huko Katanga, yaligunduliwa mwaka 1915, na tangu 1922 yalisafishwa Olen, Ubelgiji, yakawa chimbuko kuu la radiamu duniani.

Geiger mwenyewe aliendelea kuboresha njia ya kuhesabu. Mwaka 1928, pamoja na Walther Müller, alitoa kile kifaa cha umeme kinachobeba jina lake hadi leo, na jicho likapumzishwa. Lakini kifaa hakikuondoa ufundi. Yeyote anayekishika leo, iwe anapima jiwe la Katanga au anafundisha darasa huko Kasongo, anaanza kama walivyoanza wao: anaweka kando kile anachotaka kukipima, anahesabu mionzi iliyopo tayari mahali hapo, anaiandika, ndipo anapolileta jiwe lake. Asiyefanya hivyo atapata namba, ila hatajua ni ya jiwe au ya ukuta.